Babu Amepumzika

Droo ya yule mama ilijaa mihuri ya kila namna, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Ulikuwamo muhuri wa kupokelea barua, muhuri wa nakala halisi, na muhuri wa mkuu wa chuo, ambao mkuu mwenyewe alipouhitaji aliuomba kwa adabu. Ndiyo maana wanafunzi walimbatiza Mama Mihuri. Hakuchukia, maana alijua yapo majina mabaya zaidi wanayopewa wafanyakazi wa ofisi za vyuo. Alikuwa mhazili, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kununa, na kwa miaka mingi hakuna karatasi iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo bila kupita mezani kwake.

Kwa hiyo wanafunzi wa darasa la filamu walipomaliza filamu yao ya likizo, ile ya kuonyeshwa ukumbini chuo kikifungwa, mkuu hakujiumiza kichwa. "Mambo ya kutangaza?" alisema. "Mpelekeeni Mama Mihuri." Wakubwa wana kipaji hicho cha kugawa kazi bila kuinuka kitini.

Kazi nyingine angeikwepa kwa kusingizia mgongo. Hii aliipokea kwa mikono miwili, kwa sababu mzee aliyeonekana kwenye filamu ile mwanzo hadi mwisho alikuwa baba yake mzazi.

Mzee huyo alikuwa fundi wa majokofu, na mtaani kwao wakamwita Mzee Baridi. Alipoacha kazi na macho yakaanza kumsumbua, alihamia kwa binti yake, na jioni alikuwa akija chuoni kumsubiri kwenye benchi la nje ili warudi nyumbani pamoja. Hapo kwenye benchi ndipo alipoonwa na kijana mmoja mrefu ambaye wenzake walimwita Dairekta, naye akaitika bila haya. Dairekta alikuwa amezunguka mji mzima akitafuta uso wa mzee asiyejua kustarehe. Alimtazama Mzee Baridi akikaza kwa kucha skrubu ya benchi iliyolegea, akajua kampata.

Hadithi yao ilikuwa nyepesi. Babu mmoja hajawahi kwenda likizo maisha yake yote. Wajukuu wanamfichia vifaa vya kazi, wanampakia kwenye gari, wanampeleka ziwani, na huko anakaa ufukweni hajui aiweke wapi mikono yake. Watu watacheka, kisha mwishoni watalia kidogo, kisha watakwenda nyumbani kula.

Mzee Baridi alikubali kuigiza kwa sharti moja, kwamba atatia humo maneno yake mwenyewe. Wakamruhusu. Siku ya kupiga picha, akiwa amekaa pale ziwani, aliyatazama maji akasema, "Waliniita nikasema nakuja. Ningejua, ningeitupa bisibisi siku ileile." Dairekta alipiga makofi mpaka viganja vikamwasha. Mama Mihuri, aliyekuwa ameshika mwavuli wa kukinga kamera jua, alijifanya anapenga kamasi.

Yeye alijua kwamba pale hapakuwa na kuigiza. Bibi yake, mama mzazi wa Mzee Baridi, alipougua ugonjwa wa mwisho, kaka mkubwa wa Mzee Baridi alituma watu wamwite mdogo wake. Mzee Baridi alikuwa amelifungua jokofu la duka la nyama, mota iko chini, mwenye duka kamsimamia kichwani. Akasema amalize, aje. Alipofika, watu walikuwa wametoka makaburini, wanakung'uta udongo miguuni. Kaka yake alimtazama kuanzia juu hadi chini, akasema, "Fundi umefika," akaenda zake, na tangu siku hiyo hakumsemesha tena. Mzee Baridi alituma salamu, akatuma watu wazima wa ukoo, akapiga simu mpaka akachoka. Kaka alikuwa anaishi mji mwingine na alikuwa na masikio mazima. Ila kwa mdogo wake aliyaziba.

"Nikimwambia hasikii," mzee alimwambia binti yake. "Labda akiniona."

Ndiyo sababu yote ya filamu hiyo, kwa upande wake. Kila jioni, wakirudi nyumbani taratibu, alikuwa akiuliza swali lilelile. "Hilo tangazo lenu litafika kwa kaka?"

"Litafika, Baba."

"Maana wasiokuja wengine sina habari nao."

Mkutano wa kupanga mambo ya kutangaza ulifanyika ofisini kwa Mama Mihuri, baina ya kabati la mafaili na mashine ya kuchapa ambayo siku nyingi ilikuwa imeisahau rangi yoyote isipokuwa nyeusi. Walikuwa watatu: yeye, Dairekta, na msichana aliyeshughulikia mitandao, ambaye kutwa alishika simu mbili na hakuna aliyewahi kuziona zote mbili zimenyamaza. Msichana huyo ndiye aliyekuwa na mpango.

"Kwanza tunatoa kionjo, Mama. Picha ya Babu na jina la filamu, basi. Hatusemi kama ni filamu. Watu waulizane, washikwe na hamu. Kesho yake ndiyo tunawaambia."

"Hatusemi kabisa?"

"Hata kidogo. Tukisema mapema watapita tu kama wanavyopita mengine."

Mama Mihuri aliupenda mpango huo. Miaka yote alikuwa ametangaza mitihani, ada na maji kukatika, na hakuna siku mtu alishikwa na hamu. Shida ikabaki kwenye jina. Mpaka hapo filamu iliitwa Likizo ya Babu.

"Kama insha ya darasa la nne," alisema msichana wa simu.

"Babu Yupo Likizo," alijaribu Dairekta.

"Hiyo ni barua ya ofisini."

Wakajaribu hili na lile. Dairekta akapendekeza jina refu lenye ziwa ndani yake, akazomewa. Ndipo Mama Mihuri mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu, akaweka kalamu chini akasema, "Jamani, si mseme tu Babu Amepumzika?"

Wewe unayesoma umeshashtuka. Wao hawakushtuka. Kwa wale vijana, kupumzika ni kulala chali kwenye kochi simu ikiwa kifuani. Na Mama Mihuri, miaka nenda miaka rudi, alikuwa ameandika barua za likizo za walimu, fulani apumzike kuanzia tarehe hii, fulani arejee kazini tarehe ile, mpaka neno likapungukiwa na maana yake nyingine yote. Isitoshe alikuwa akimfikiria baba yake kwenye benchi, mtu ambaye hajapumzika. Walilifurahia jina hilo mpaka wakagongana viganja.

Yaliyobaki yalijipanga yenyewe, kama vile shetani alikuwa amevuta kiti cha nne. Walichagua picha ambayo mzee amefumba macho nusu na kutabasamu kidogo. Ilitoka nyeusi na nyeupe kwa sababu ya mashine. Mashine hiyohiyo ilikuwa na tabia ya kula kingo za karatasi, kwa hiyo Mama Mihuri akashauri picha izungushiwe mstari mweusi mnene. Chini ya jina wakaandika ukumbi wa chuo, Jumamosi, saa kumi jioni, nyote mnakaribishwa. Chini zaidi, kwa mawasiliano, namba ya simu ya Mama Mihuri. Halafu akalipiga muhuri. Ndiyo, akalipiga na muhuri wa mkuu wa chuo, kwa mkono wake mwenyewe, akaupuliza wino ukauka.

Jioni alimwonyesha baba yake. Mzee aliishika karatasi mbali na macho, kisha karibu, kisha mbali.

"Nimetoka vizuri," alisema. "Na kwa kaka?"

Mama Mihuri aliipiga picha karatasi hiyo na kuituma kwenye kundi la ukoo, ambamo Baba Mkubwa alikuwamo miaka yote na hajawahi kuandika hata herufi. Huwa anasoma tu. Wakati huohuo yule msichana alikuwa akiituma kwingine kote duniani.

Asubuhi simu iliita kabla birika halijachemka. Alikuwa mwanamke mmoja ambaye Mama Mihuri hakumkumbuka, naye analia.

"Mwanangu, pole! Pole sana! Mzee yule alinitengenezea jokofu langu la kwanza!"

"Pole ya nini, Mama?"

"Ya baba, mwanangu. Jamani, hata hamkutuambia kama anaumwa!"

Mama Mihuri aligeuza shingo. Baba yake alikuwa mlangoni kwa chumba chake akivaa viatu kwa shida na kumlaumu aliyebuni kamba za viatu. "Baba yupo, Mama," alisema. "Yupo hapa ananung'unika." Yule mwanamke akasema kwa huruma nyingi kwamba ndivyo ilivyo siku za mwanzo, mtu huwaona bado wapo.

Alipokata, simu iliita tena. Akakata, ikaita. Katikati ya simu hizo mlango ukagongwa, na kwa kuwa binti yake ameshikwa na simu, Mzee Baridi ndiye aliyekwenda kufungua, fulana mwilini na mswaki mdomoni. Jirani wa nyumba ya pili alipiga ukelele uliowatoa watu wote nje. Aliporudiwa na akili hasira zilimpanda.

"Mzee, huna hata aibu? Nimeacha sufuria jikoni!"

"Nisamehe," alisema Mzee Baridi, kana kwamba ni yeye aliyeahidi kufa akashindwa.

Chuoni mambo hayakuwa bora. Mkuu alikuwa amevaa suti nyeusi, amekwishaagiza gari la chuo lioshwe. Alipoelezwa, uso wake ulipita rangi kadhaa, na alichouliza ni kimoja tu: "Na muhuri wangu umeuweka?" Kabla hajajibiwa, Dairekta akaingia mbio bila kubisha hodi.

"Mama! Tumesambaa! Hata vyuo vingine wanayo! Watu wanaandika vitu vya kuliza!"

Nyuma yake alikuwa yule msichana, na yeye hakuwa anafurahi. Alikuwa ameelewa. Uso umemlowa, simu zote mbili zinatetemeka.

"Futa, mwanangu," Mama Mihuri alimwambia.

"Nimefuta kwetu, Mama. Kwa watu siwezi."

"Hakuna namna yoyote?"

"Hakuna."

Mama Mihuri aliitazama droo yake. Hakukuwa na muhuri wa jambo kama hilo. Wakatunga tangazo la pili, la furaha, lenye rangi tele, likisema Babu yupo hai na ni filamu na watu waje. Wakalituma. Halikwenda mbali. Mtu akisikia fulani kafa hukimbilia kumwamsha jirani, lakini nani atamwamsha jirani kumwambia fulani hajafa? Lile la kwanza likaendelea kutembea na muhuri wake, mji kwa mji, na la pili likabaki palepale chuoni, kwa watu waliokuwa wanajua tayari. Kwenye kundi la ukoo Mama Mihuri alikuwa bado hajaandika kitu. Alitaka kwanza aonane na baba yake. Mkuu alimruhusu aende nyumbani. Huenda alitaka tu aondoke mbele ya macho yake.

Alimkuta baba yake sebuleni, amenyoa ndevu.

"Haya, nisomee," mzee alisema.

"Nikusomee nini, Baba?"

"Wanayosema. Watu wengine husubiri wafe ndiyo wasemwe, na hawasikii. Mimi nimepata bahati. Soma."

Akamsomea. Fulani alisema Mzee Baridi hakuwahi kumwambia mteja uongo kuhusu gesi. Mwingine alisema alimtengenezea mama yake mgonjwa jokofu la dawa siku ya sikukuu. "Rudia hiyo," mzee alisema, na akarudiwa. Kuna mmoja aliyesema marehemu alikuwa mzuri ila alichelewa sana kurudisha vitu vya watu. Mzee Baridi alicheka mpaka akakohoa. "Huyo namjua! Feni lake lilikuwa bovu tangu dukani!" Mama Mihuri naye alicheka, na kwa kitambo hicho kifupi alidhani huenda jambo lenyewe litaisha hivyo, kwa kuvunjana mbavu.

"Na kaka?" aliuliza mzee.

Alifungua kundi la ukoo. Kulikuwa na vilio vya mashangazi, maombi, watoto wa watoto wanaoulizana habari za usafiri. Kwa Baba Mkubwa hakukuwa na neno. Alibonyeza kuona nani amelisoma tangazo, na jina lake lilikuwa la kwanza kabisa. Alikuwa amelisoma alfajiri, kabla ya wote.

"Amesoma," alisema. Alijuta kabla hajafunga mdomo.

Mzee Baridi alisimama. Ilikuwa siku nyingi hajasimama kwa wepesi ule.

"Basi ameshatoka."

"Baba, hajaandika kitu."

"Aandike nini? Mtu akisoma habari kama ile haandiki, anatafuta gari. Kaka namjua mimi." Akashika mkono wa binti yake. "Umeshawaambia kwenye kundi kwamba nipo?"

"Bado. Nilitaka sasa hivi…"

"Usiandike."

"Baba! Watu wanapanga safari! Shangazi amelia mpaka presha imepanda!"

"Shangazi mpigie peke yake, mwambie anyamaze. Kwenye kundi usiandike. Kaka akijua nipo, atageuza. Mwache afike. Akishafika akanikuta nimesimama mlangoni, hawezi kuondoka bila kunipa mkono. Mbele za watu? Hawezi."

Angebishana naye vipi? Mzee alikuwa ameshaingia chumbani. Alitoka amevaa suti aliyovaa siku ya kuagwa kazini, kola imemkaa upande. Akavuta kiti akakielekeza mlangoni, akakaa, mikono juu ya magoti. Akauliza kama bado iko ile njia ya kupitia darajani au siku hizi magari yanazunguka. Akaagiza maji ya kuoga yawekwe tayari, maana kaka hapendi vumbi. Mama Mihuri aliweka maji. Alimpigia shangazi, akamwapisha. Kila simu ya mtu wa nje aliipokea akasema lilelile, si msiba, ni filamu, ni Jumamosi, karibuni. Sauti ilikuwa imeanza kumkauka.

Adhuhuri ikapita. Mzee alikuwa bado anatazama mlango, na kila gari lililopunguza mwendo mtaani alijinyoosha koti. Mama Mihuri hakuweza kuvumilia zaidi. Alitoka nyuma ya nyumba, akasimama karibu na kamba ya nguo, akampigia binti wa Baba Mkubwa, ambaye tangu utotoni alimwita Dada.

"Pole, mdogo wangu," Dada alisema, na sauti ikamkatika. "Tulikuwa tunakupigia hupatikani. Mimi nakuja na kaka zangu kesho."

"Dada, Baba Mkubwa ameshatoka?"

Upande wa pili ulisikika mlango ukifungwa.

"Dada?"

"Yuko uani anamwagilia maua."

"Labda hajaona vizuri. Labda hakuelewa."

"Yeye ndiye aliyetuonyesha. Tulikuwa tunakunywa chai, akaiweka simu mezani akaisukuma kwangu. Nikasoma, nikaanza kulia. Nikamwambia, Baba, twende."

"Akasemaje?"

"Mdogo wangu, usinifanye niseme."

"Sema tu, Dada."

"Alisema, kama amepumzika, mwacheni apumzike."

Mama Mihuri alishika kamba ya nguo. Alikuwa na maneno tayari, kwamba Baba yu hai, kwamba ni filamu, kwamba jina la filamu lilitoka kinywani mwake yeye na si mwa mtu mwingine, kwamba mle ndani kuna maneno ambayo Baba Mkubwa anatakiwa ayasikie, ni machache, hayachukui muda. Yote aliyameza. Mtu asiyeinuka kwenda kumzika mdogo wake, utamwambia aje kumtazama kwenye filamu? Alimwambia Dada wasisafiri kwanza, atampigia baadaye amweleze. Akakata. Alisimama pale akitazama shuka lake likipepea, hajui aingie ndani au aende wapi. Alitamani angekuwapo mtu wa kumgombeza.

Mwishowe aliingia, maana nyumba ni yake.

"Nani huyo uliyekuwa unaongea naye?" mzee aliuliza.

"Mtu wa ofisini."

"Ukimaliza nao, tengeneza chai. Kaka akitoka safari huwa hataki kusubiri." Akajipangusa bega ambalo halikuwa na kitu. "Unajua nilichofikiria? Nisimwambie lolote. Nimpeleke tu Jumamosi, akae, aone. Ile sehemu ya ziwani ikifika nitamtazama usoni."

"Sawa, Baba."

"Mtuwekee viti vya mbele."

"Nitawaambia."

Simu iliita mkononi mwake. Namba ngeni, sauti ya mwanaume mtu mzima, mpole, anayesema kwa kujikongoja kama wanavyosema watu wasiozoea mambo hayo. Alikuwa amepata habari sasa hivi, yuko mbali, hakumfahamu mzee sana, ila ameona asikae kimya. Pole sana, alisema. Pole sana kwa kufiwa.

"Mwambie ni filamu!" baba yake alisema kwa sauti kutoka kitini, macho mlangoni. "Mwambie aje!"

Mama Mihuri aligeukia ukutani.

"Asante," alisema kwenye simu. "Nimeshapoa."